Jina Lililomeza Kitenzi: Fani ya Lakabu Wanazobandikwa Waislamu

Vitabu vya fasihi simulizi huiweka lakabu mwishoni mwa orodha ya semi, nyuma ya methali, vitendawili, nahau na misimu. Huipa aya mbili: ni jina la kupanga, hutokana na sifa au tabia, huweza kusifu, huweza kukejeli. Mwanafunzi hukariri, hujibu mtihani, yamekwisha. Utanzu huu unastahili zaidi ya hapo. Lakabu ni kazi fupi kuliko zote tulizonazo, neno moja au mawili, lakini ndiyo pekee ambayo mhusika wake huamka nayo asubuhi, huenda nayo sokoni na hurudi nayo nyumbani. Methali ikishasemwa imekwisha. Lakabu ikishasemwa ndiyo kwanza imeanza.

Nataka kuzisoma kwa makini lakabu wanazobandikwa Waislamu wa Afrika Mashariki, na Tibirinzi, hapa Chake Chake, ni mahali pazuri pa kuzisomea kwa kuwa hapa hazina kazi. Pemba karibu kila mtu ni Muislamu. Kanzu haimtambulishi mtu; hutambulisha siku, kwamba leo ni Ijumaa au pana harusi. Ushungi wa mkulima wa mwani na ushungi wa mwalimu wa skuli ni nguo. Ndevu ni za mwenyewe. Mtu wa Tibirinzi hujua kuwa ana jina jingine anaposhuka kwenye boti Dar es Salaam, anapofungua duka Kariakoo, anapoanza masomo Dodoma, au anaposikiliza taarifa ya habari barazani na kukuta dini yake imetumika kama kivumishi cha watu asiowajua.

Hoja yangu ni ya fani. Nyingi katika lakabu hizi hazina tusi ndani yake. Ukizipekua utakuta nguo, viatu, sehemu ya mwili, jina la kisiwa. Madhara yake yamo katika umbo. Sentensi kamili humlazimisha msemaji aseme nani kafanya nini, lini, na yeye kayajuaje. Lakabu humsamehe yote hayo. Ni jina lililomeza kitenzi, na aliyebandikwa hana cha kukanusha kwa sababu hakuna kilichodaiwa.

Tuanze nyumbani, na umbo tutakalolikuta tena katika lakabu. Ipo methali kongwe isemayo: Mpemba akipata gogo hanyi chini. Msomaji mwenye adabu atanisamehe. Mhakiki hachagui harufu. Maana yake ya juu inajulikana, kwamba mtu wa chini akiinuliwa kidogo husahau alikotoka. Lakini tazama ilivyojengwa. Kuna -ki- ya sharti, kisha kitenzi kanushi kisichofungwa na wakati: haisemi hakunya, haisemi hatakunya. Ni hivyo jana, leo na kesho. Nomino ni ya umoja, Mpemba, lakini hakuna Mpemba mmoja aliyetazamwa. Umoja huo umewabeba wote. Na msemaji hayupo, maana methali husemwa na wahenga, na wahenga hawaitwi barazani wakahojiwa.

Sasa iweke kando ya ndugu yake: maskini akipata, matako hulia mbwata. Kalibu ni moja, fulani akipata, na dhihaka ni ile ile. Tofauti iko katika kinachojazwa. Umaskini ni hali. Mtu huingia na hutoka, na anayeicheka methali leo yaweza kumgeukia kesho. Upemba hautokwi. Kalibu iliyochongwa kwa ajili ya hali ya mtu imejazwa asili ya mtu, na hapo kejeli ya tabia imegeuka hukumu ya kuzaliwa. Mbinu hii ya kuchukua umbo linalohusu tendo na kulijaza ukoo, mahali au dini, ndiyo tutakayokutana nayo katika kila lakabu inayofuata.

Katika siasa za Zanzibar umbo hilo lilipewa kazi nzito. Hizbu lilikuwa jina la chama, ZNP, kilichokoma baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992 na chama cha upinzani cha CUF kikapata wafuasi wengi Pemba, jina hilo lilifufuliwa majukwaani na kuelekezwa kwa watu ambao wengi wao walizaliwa baada ya ZNP kufa. Kitenzi kingezuia jambo hilo: hakuna awezaye kusema kwa uso mkavu kwamba kijana wa miaka ishirini alijiunga na Hizbu. Jina halina haya hiyo, kwa kuwa halina wakati. Pamoja nalo yakaja maelezo mengine kuhusu CUF: ni chama cha Wapemba, ni chama cha Waislamu, ni chama cha Waarabu. Yasome kama beti. Maneno "chama cha" yanarudi kama kibwagizo, na kila yakirudi nafasi inayobaki inajazwa kundi jingine, hadi sikio likazoea kuwa Mpemba, Muislamu na Mwarabu ni visawe. Hakuna aliyeombwa ushahidi, takriri ilitosha. Ajabu ni kwamba visiwani, wasemaji na wasemwaji walikuwa wakipanga safu moja msikitini.

Lakabu haifyatui risasi, ila huandaa masikio ya watakaosikia kuwa risasi zimefyatuliwa. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, vikosi vya usalama viliwapiga risasi waandamanaji na wafuasi wa CUF Unguja na Pemba. Pemba maandamano yalikuwa Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Human Rights Watch ilieleza kuwa watu wasiopungua 35 waliuawa na zaidi ya 600 walijeruhiwa, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Tukio hilo lina majina mawili. Huku kwetu ni mauaji ya Januari. Kwingine ni vurugu za Januari au machafuko ya Pemba. Jina la kwanza lina kitenzi cha kuua ndani yake, na kitenzi hicho kinamdai msikilizaji aulize nani aliua. La pili limemtoa muuaji na limemtoa marehemu. Kilichobaki ni kisiwa kilichochafuka chenyewe. Aliyekwisha kuambiwa kwamba watu wa huko ni Hizbu, ni wa dini, ni wakaidi, haoni pengo katika sentensi hiyo.

Mitaani lakabu hufanya kazi kwa mbinu nyingine, ile ambayo wahakiki huiita sinekdoki: sehemu husimama mahali pa kizima. Waislamu huitwa wavaa kobazi. Mwanamume mwenye ndevu huitwa Mandevu, na upepo ukivuma vibaya huitwa Osama au al-Shabaab. Mwanamke aliyevaa nikabu huitwa ninja. Katika fasihi, sinekdoki nzuri humfanya msomaji amwone mtu mzima kupitia kitu kimoja chake: fimbo ya babu, miwani ya mwalimu. Hizi hufanya kinyume. Kobazi likishatajwa, mguu hautafutwi. Sarufi yenyewe ina zana za kuongeza chumvi. Ngeli ya ki-/vi- hudunisha, na kwa hiyo tunazo vijibaraghashia na kijishehe. Ji-/ma- hukuza hadi kutisha, na ndevu zikawa madevu. Ngeli ya u- hugeuza watu kuwa dhana: acha uswahili, huambiwa mtu aliyetuhumiwa uongo na ujanja, na jina la watu wa pwani, wengi wao Waislamu, limekuwa jina la kasoro.

Ninja ni lakabu inayostahili kutazamwa kwa kina kidogo. Imetoka kwenye filamu za mapigano, ambako ninja hana uso, hana jina, hasemi, na akiingia kwenye hadithi ameingia kuua. Hayo yote huhamishiwa kwa mama aliyetoka kununua vitunguu. Kisha tazama namna inavyosemwa. Haisemwi kwake moja kwa moja, husemwa akiwa anapita, kwa nafsi ya tatu iliyopandishwa sauti: "Ninja huyo!" Ni mwito usiotaka kuitikiwa. Aliyeitwa hawezi kujibu bila kusimama, na akisimama amekubali kwamba ndiye. Njia iliyobaki ni kunyamaza na kuendelea, na ukimya huo unasomwa tena kama ushahidi kwamba watu hawa hawasemi na watu. Mwanamke atabadilisha njia, atamtuma mdogo wake ofisini, atachelewa hospitali hadi mumewe arudi. Hakuna sheria iliyomzuia kupita. Kilichomzuia ni neno moja lililojengwa lisijibike.

Watetezi husema ni utani. Wapewe hoja yao, kwa kuwa utani ni fani yenye kanuni, na kanuni hizo ndizo zinazowahukumu. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana kwa ukali mkubwa, mpaka misibani, lakini kila upande unamjua mtani wake, na anayetania leo anajua zamu ya kutaniwa inakuja. Pemba nayo ina fani kali zaidi ya hiyo. Kamange, aliyejulikana kwa lakabu kuliko kwa jina la wazazi wake, na Sarahani bin Matwar, washairi wetu wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa ishirini, walijibizana kwa mashairi. Katika majibizano unaweza kumchoma mwenzio upendavyo, ila umbo lenyewe limemwekea nafasi ya kujibu, kwa bahari ile ile na kwa vina vile vile. Anayeshambulia anajua atasomwa kando ya jibu. Konda anayemwita abiria al-Shabaab, na basi zima likacheka, hajamwachia abiria huyo ubeti wowote. Akicheka amekubali, akikasirika amethibitisha.

Fani ya hadhi ya juu zaidi katika mkusanyo huu ni ile ya taarifa ya habari. Chukua sentensi niliyoitunga kwa mfano: "Wapiganaji wa Kiislamu wenye itikadi kali wamevamia kijiji." Mpangilio wake ni wa mashairi. Kabla kitenzi hakijafika, vivumishi vimekwisha kukaa mahali pa sababu, na msikilizaji anapokisikia "wamevamia" haulizi kwa nini, maana ameshaambiwa ni watu gani. Halafu iangalie ile -a unganifu. Kiswahili hukitumia kiungo hiki kwa mambo mengi: chai ya maziwa, mtu wa Pemba, kisu cha nyama, nyumba ya mjomba. Kila mara msikilizaji hukisia uhusiano kutokana na ujuzi wake wa dunia. Je, "wapiganaji wa Kiislamu" ni wapiganaji ambao ni Waislamu, ni wanaodai kuupigania Uislamu, au ni wapiganaji wa Uislamu, mali yake? Silabi moja imebeba madai matatu, na mtangazaji hawajibiki kwa hata moja. Mbele kidogo hufuata "wanadaiwa", "wanahusishwa na", "inasadikiwa", vitenzi vya kutendwa visivyosema nani anadai, nani anahusisha, nani anasadiki.

Lugha hiyo hiyo inajua kusema vingine inapotaka. Joseph Kony wa Uganda aliliita jeshi lake kwa jina la Bwana na akanadi Amri Kumi. Redio zetu ziliwaita wafuasi wake waasi wa LRA. Mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ya watu waliohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa. Aliyeshtakiwa, Paul Mackenzie, aliitwa mhubiri tata. Kivumishi kimoja, kimefungwa kwa mtu mmoja, mwenye jina lake. Hakuna jirani Mkristo aliyetakiwa kuilaani Shakahola kabla ya kuuziwa mkate. Huo ni uandishi sahihi, na simlaumu aliyeuandika. Naonyesha tu kwamba ufundi upo. Unagawiwa kwa ubaguzi.

Zanzibar imeona gharama ya fomula hiyo. Viongozi wa jumuiya ya kidini ya Uamsho, miongoni mwao Farid Hadi Ahmed na Mselem Ali Mselem, walikuwa na wenzao wengi katika kesi ya ugaidi iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2014. Tangu mwanzo kesi ilipewa jina la kundi, kesi ya masheikh wa Uamsho, na jina hilo likawameza washtakiwa wote, wa madaraka mbalimbali na wa tuhuma mbalimbali. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka aliiondoa kesi. Walitoka baada ya miaka kadhaa rumande bila kutiwa hatiani. Mtu anaweza kupinga kila neno walilowahi kusema kuhusu Muungano na bado akaona kasoro ya fani: jina lilikuwa limekamilika tangu siku ya kwanza, ilhali sentensi ya nani kafanya nini haikumalizika hadi mwisho. Fomula hiyo hiyo iliwafunika pia walioumia. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga, Katibu wa Mufti wa Zanzibar, alimwagiwa tindikali. Habari za miaka ile zilizogawa Zanzibar baina ya Waislamu wenye siasa kali na wageni wenye hofu hazikuwa na kiti cha kumkalisha sheikh aliyekuwa mwathirika.

Pingamizi zito ni hili: wapo wanaoua na wenyewe wanasema wanaua kwa jina la Uislamu. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, al-Shabaab waliwaua watu 148 chuoni, baada ya kuwatenga Wakristo na Waislamu. Je, mwandishi afiche? Hapana, na soma tena sentensi yangu: ina mtenda mwenye jina, ina kitenzi, ina mahali, tarehe na idadi, na dini imetajwa pale ilipofanya kazi, kwenye tendo la kuwatenga watu. Haikuhitaji "wapiganaji wa Kiislamu" ili iwe ya kweli. Bila kivumishi hicho imekuwa kali zaidi, kwa sababu lawama imekwenda kwa mwenyewe bila kugawiwa njiani.

Wala hatuwezi kuufunga uhakiki huu bila kuingia ndani kwetu. Visiwani watu wa bara huitwa machogo, na hapo tumechukua kisogo cha mtu tukakifanya taifa. Sinekdoki ile ile, ngeli ile ile ya dharau. Mkristo huitwa Mgalatia kwa kicheko, kafiri bila kicheko. Waislamu kwa Waislamu wanarushiana Wahabi, mzushi, mtu wa bida, na kila jina limejengwa kama yale yanayotuuma: halina kitenzi na halina zamu ya kujibu. Aya ya 11 ya Sura al-Hujurat inakataza kudharauliana na kuitana kwa lakabu mbaya, na katazo hilo limeelekezwa kwa walioamini. Anayelalamika kuitwa kobazi huku akimwita mwenzake chogo anapigania nafasi yake katika kalibu, hapigani na kalibu.

Je, fani inaweza kujibu fani? Filamu fupi Watu Wote ya Katja Benrath, ya mwaka 2017, iliyoingia katika orodha ya wawania Oscar mwaka 2018, ilijaribu. Imejengwa juu ya tukio la Desemba 2015, basi la kwenda Mandera liliposimamishwa na al-Shabaab na abiria Waislamu wakatakiwa wajitenge na Wakristo. Walikataa, kina mama waliwapa ushungi wao abiria Wakristo wajifunike. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Kwa lugha ya uhakiki, jina Muislamu lilirudishiwa kitenzi: walikataa, waliwafunika. Hata kichwa cha filamu kimechagua nomino isiyo na kivumishi cha dini wala cha kabila. Ushungi, uliokuwa kitambulisho cha ninja, umekuwa chombo cha kumwokoa jirani, na sinekdoki imegeuzwa na wenyewe walioibeba.

Hata hivyo naiheshimu filamu hiyo kwa wasiwasi. Muundo wake unamtaka Muislamu apigwe risasi ndipo apate kitenzi kizuri. Kati ya gaidi na shahidi wa ubinadamu, hadithi haina nafasi ya mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndiye karibu sote. Shujaa wa Mandera ni sifa ya kweli kwa marehemu, lakini akifanywa kipimo, atakayeuza sukari tu bila kumwokoa mtu atabaki bado mtuhumiwa. Muislamu wa kawaida anastahili vitenzi vya kawaida: amechelewa, amechuma karafuu, amekopa, amefeli mtihani, amekosea hesabu ya chenji na jirani yake amemgombeza kwa kosa hilo, si kwa dini yake.

Mhariri anayetaka kujua kama sentensi yake imebeba lakabu na afanye jaribio dogo. Akiondoe kivumishi cha dini. Habari ikibaki kamili, kivumishi hakikuwa na kazi ya habari. Ikipungukiwa, basi aandike sentensi nyingine nzima inayoeleza dini hiyo ilihusikaje na nani kasema hivyo, kisha aitie jina lake chini. Na mwalimu wa fasihi simulizi, akifika kwenye zile aya mbili za lakabu, awape wanafunzi lakabu moja ya mtaani na kuwataka wairudishe kuwa sentensi yenye mtenda, kitenzi na wakati. Wengi watakwama, kwa kuwa watagundua hawajui mtu huyo amefanya nini. Hapo ndipo somo lilipo, na linafaa kutolewa Dar es Salaam na Nairobi kama linavyofaa kutolewa Tibirinzi.